Jua kali bila jua: Ari na ubunifu wa kazi Shauri Moyo wakati wa kipupwe

KIPUPWE huanza jijini Nairobi mwezi Juni na kumalizika mwishoni mwa Agosti. Katika miezi hiyo mitatu jina la jua kali hugeuka kuwa kinaya, kwani mafundi wa Kamukunji na Shauri Moyo hufua bati kutwa chini ya wingu zito, pasipo lile jua lililoipa kazi yao jina.

Baridi yenyewe si ya kutisha ikipimwa kwa nambari. Asubuhi za Julai, ambao ndio mwezi wa baridi zaidi, kipimajoto husimama kwenye nyuzi 11 au 12 hivi, na mchana ni nadra kupita nyuzi 22. Mkazi wa Oslo huenda asihangaike hata kuvaa koti. Lakini mkazi wa Oslo hulala na kufanya kazi katika jengo lenye vipasha joto, ilhali nyumba nyingi za Nairobi hazina chochote cha kuzipasha, na karakana nyingi za jua kali hazina hata ukuta wa kukinga upepo.

Isitoshe, fundi wa jua kali hulipwa kwa kile alichokikamilisha. Hana mshahara wa mwisho wa mwezi wa kumvumilia hadi ari irudi. Asubuhi moja ya kujikunyata kando ya moto ni sanduku moja lisilouzwa, na karo ya shule haijali hali ya hewa. Ndiyo maana suala la kudumisha ari na ubunifu wakati wa baridi, ambalo katika majarida ya kigeni huandikiwa watu wa ofisini, lina uzito wa pekee katika mitaa hii ya Eastlands.

Mtaa wa Shauri Moyo upo mashariki mwa kitovu cha jiji, baina ya soko la Gikomba na Barabara ya Jogoo, ukipakana na Soko la Burma na ule uwanja wa City ambao siku hizi huitwa Joe Kadenge. Nyumba zake za kwanza zilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati serikali ya kikoloni ilipoamua kukibomoa kijiji cha Waafrika cha Pangani na kuwahamishia wenyeji wake huku. Ni mtaa ulioanzishwa na watu waliolazimika kuanza upya, na biashara za mikono zilishika mizizi mapema.

Kazi hizo zilipata jina la kitaalamu baadaye sana. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) uliotumwa Kenya ulitoa ripoti iliyoieleza dunia kwamba sekta isiyo rasmi si uvivu wala uzururaji bali ni kazi yenye tija. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji na kuahidi kuwajengea vibanda vya kuwakinga jua. Vibanda vilijengwa, na mwaka uliofuata sekta hiyo ikapewa nafasi katika sera ya uchumi ya serikali. Sheria ya Biashara Ndogo ya mwaka 2012 ikaja kuunda mamlaka ya kuisimamia.

Jambo moja halikutazamwa sana wakati huo. Paa lisilo na kuta ni baraka Februari, lakini Julai huzuia hata ule mwanga hafifu unaopenya mawinguni, huku upepo ukipita chini yake kama kawaida.

Wingu linalotoka baharini

Wengi hudhani kwamba Nairobi hupata baridi kwa sababu siku huwa fupi, kama ilivyo Ulaya. Sivyo. Jiji hili lipo karibu mno na ikweta, na urefu wa mchana wake hautofautiani hata kwa robo saa kati ya Juni na Disemba. Tofauti ipo mawinguni. Katika miezi ya katikati ya mwaka pepo za kusi huvuma kutoka Bahari ya Hindi zikiwa na unyevu, hupanda miinuko ya mashariki mwa Kenya, na zinapofika kwenye kimo cha Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, unyevu huo hugeuka kuwa tandiko la mawingu ya chini yanayokaa juu ya jiji tangu alfajiri. Siku nyingine hutawanyika saa nane mchana; siku nyingine hayatawanyiki kabisa. Januari jiji hupata takriban saa tisa za jua kwa siku. Julai hupata kama nne.

Mvua ni haba, ila manyunyu ni mengi na hewa ina unyevu. Kwa mtu wa karakana jambo hili lina uzito kuliko baridi yenyewe, kama itakavyoonekana.

Neno kipupwe limetoka pwani, na pamoja nalo upo utaratibu wa kazi ambao watu wa bara hawakuuchukua. Katika bandari za kale za Waswahili, kuanzia Lamu hadi Zanzibar, kusi lilipokuwa katika ukali wake Juni na Julai, majahazi ya safari ndefu hayakutoka. Bahari ilihesabiwa kuwa imefungwa. Mabaharia na mafundi wa vyombo hawakukaa bure wakisubiri ari iwajie: walivuta vyombo nchi kavu, wakavikalafati, wakavipaka mafuta, wakashona matanga na kusuka kamba. Hakuna aliyemlaumu nahodha kwa kutosafiri Julai, na hakuna aliyesema kwamba amekosa bidii. Ni kalenda ya kiwandani na ya ofisini, yenye wiki 52 zinazofanana, iliyoleta dhana kwamba mtu mwenye ari hufanya kazi ile ile kwa kasi ile ile mwaka mzima.

Vidole, bati na rangi

Bati huchukua joto la mwili haraka kuliko mbao au kitambaa. Fundi anayelishika saa moja asubuhi hupoteza joto la vidole kwa dakika chache, na wataalamu wa afya kazini wanakubaliana kwamba ngozi ya vidole ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, wepesi wa mkono hupungua waziwazi. Mkono hushindwa kwanza katika kazi ndogo ndogo: kuchora alama, kuingiza ribiti, kukunja ncha ya bati kwa koleo. Nyundo bado hupiga, lakini haipigi pale ilipokusudiwa. Majeraha huanzia hapo.

Vifaa navyo hubadilika. Rangi iliyopakwa juu ya bati baridi katika hewa yenye unyevu hukawia kukauka, na ikipakwa mara ya pili kabla ya wakati wake hutoka malengelenge. Saruji hushika polepole. Udongo wa mfinyanzi uliofinyangwa kwa ajili ya majiko huchelewa kukauka, na ukitiwa tanuri ukiwa bado na maji ndani, hupasuka.

Kutokana na hayo unapatikana mpangilio wa siku ambao fundi yeyote mzoefu anaufahamu hata kama hajawahi kuuandika. Kazi nzito huanza: kukata mapipa ya mafuta kwa tindo, kuyanyoosha, kufua bati juu ya kipande cha reli kinachotumika kama fuawe. Kazi hiyo hupasha mwili moto bila kutumia makaa. Kupima, kuchora na kutia ribiti hungoja hadi saa nne au tano, vidole vinapokuwa vimelegea. Rangi hungoja mchana, wingu likipasuka. Siku ambayo wingu halipasuki hapakwi kitu, na saa hizo hupewa kazi nyingine.

Anayeipuuza tofauti hii na kuanza siku kwa kazi ya vidole huharibu vipande viwili vitatu, hukasirika, na kufikia saa tatu amekwisha kuamua kwamba leo hana moyo wa kazi. Aghalabu moyo wake hauna kasoro yoyote. Alianza tu mahali pasipofaa.

Mwanga na akili

Ipo pia athari isiyoonekana mikononi. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal, mzaliwa wa Johannesburg aliyehamia Marekani na kushangazwa na jinsi nguvu zake zilivyoshuka katika majira ya baridi ya kaskazini, alieleza pamoja na wenzake aina ya huzuni inayorudi kila mwaka mwanga unapopungua na kuondoka unaporejea. Wagonjwa wao walipata nafuu walipoketi mbele ya taa kali. Ugonjwa huo hupatikana hasa katika nchi zilizo mbali na ikweta, na ni kosa kuliita kila jambo la Julai kwa jina hilo. Uzito wa kuamka, hamu ya vyakula vya wanga na uvivu wa kuanza kazi mpya unaowapata watu wa Nairobi wakati huu ni hali nyepesi zaidi.

Hata hivyo kanuni ya mwanga inafaa kujulikana. Ofisi ya kawaida huwa na mwanga wa luksi 300 hadi 500. Nje, hata chini ya wingu la Julai, mwanga wa mchana hupita luksi 10,000 bila shida, nacho ndicho kiwango kinachotolewa na taa za matibabu zinazouzwa kwa bei ghali Ulaya. Katika jambo hili fundi wa Shauri Moyo anayefanya kazi nje ana bahati kuliko karani wa ghorofani, ingawa karani ndiye mwenye sweta bora. Kibanda chenye giza kinaweza kubadilishwa kwa gharama ndogo kwa kung'oa bati moja la paa na kuweka la plastiki linalopitisha mwanga.

Huzuni inayodumu wiki mbili au zaidi, inayomnyima mtu usingizi au hamu ya mambo yote aliyoyapenda, si ya kusubiri Septemba. Hiyo ni ya kupelekwa kliniki.

Jiko la Shauri Moyo

Kama kuna kifaa kinachoonyesha ubunifu unaweza kufanya nini penye baridi, ni jiko la makaa lenye kiuno chembamba linalojulikana kwa herufi KCJ. Jiko la kwanza la bati liliingia nchini mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na vibarua wa Kihindi waliojenga reli. Lilikuwa la chuma kitupu, likipoteza joto kila upande na kutoboka upesi. Kwa miongo mingi mafundi walilinakili bila kulibadilisha.

Agosti 1981, katikati ya kipupwe, Nairobi iliandaa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu. Mjadala wa kuni na makaa ulipamba moto, na baada yake wabunifu wa Kenya, miongoni mwao Maxwell Kinyanjui, walilitazama kwa makini jiko la ndoo la Thailand, lenye udongo uliochomwa ndani ya bati. Lilivyokuwa halikufaa. Lilikuwa zito na udongo wake ulipasuka. Majaribio yakafuata, wapishi wakiulizwa na mafundi wa bati wakirekebisha, hadi likapatikana umbo ambalo sasa lipo karibu kila nyumba ya mjini: udongo umewekwa sehemu ya juu tu, matundu ya kuangushia majivu yamo katika udongo wenyewe, na kitako ni kipana. Upana huo si pambo. Anayesonga ugali hulisukuma jiko kwa nguvu, na jiko la kitako chembamba lingepinduka.

Jiko hilo huokoa sehemu kubwa ya makaa yakilinganishwa na la zamani. Makadirio mengi yanataja kati ya asilimia 30 na 50. Shauri Moyo ikawa kitovu cha utengenezaji wa maganda yake ya bati, huku wafinyanzi wakitengeneza udongo mahali pengine na wengine wakiunganisha vyote kwa saruji. Wengi walipolinakili, bei ilishuka, na mtindo ukaenea hadi Uganda, Tanzania na Rwanda. Ubora nao ulishuka katika baadhi ya vibanda. Jiko ambalo udongo wake haukuchomwa vya kutosha hupasuka baada ya miezi michache, na mnunuzi hulaani majiko yote.

Kwa upande wa ari, jiko hili lina funzo la kibiashara. Ni bidhaa ambayo baridi yenyewe huipigia debe, kwani nyumba inayohitaji chai, uji na maji ya kuoga ya moto hutumia moto zaidi. Fundi anayetegemea masanduku ya bati ya wanafunzi wa shule za bweni, ambayo soko lake kubwa ni Januari, hukaa Julai akitazama rundo lisilopungua. Hata Januari si ya kutegemewa kabisa. Mwaka 2025 hapakuwa na kidato cha kwanza kipya, kwa kuwa mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023 na wanafunzi wa mtaala mpya walikuwa bado katika shule za sekondari msingi. Kundi zima la wanunuzi wapya lilikosekana. Mwenye bidhaa moja alikuwa na kipupwe cha miezi 12.

Miezi ya biashara pole ndiyo ya kutengeneza sampuli: kikaango cha vibanzi chenye miguu mirefu zaidi, chombo cha kulishia kuku kisichomwaga chakula, toroli lenye gurudumu linalobadilishwa. Sampuli iliyoharibika Julai haimcheleweshi mteja yeyote. Kujaribu jambo jipya Disemba, foleni ikiwa mlangoni, ni kujitafutia hasara.

Kuhusu kinachodumisha ari siku hadi siku, utafiti unaofaa kutajwa ni wa Teresa Amabile na Steven Kramer wa Marekani, uliochapishwa kama kitabu mwaka 2011. Walisoma karibu maingizo 12,000 ya shajara yaliyoandikwa na wafanyakazi 238 katika kampuni saba. Kilichotenganisha siku njema na mbaya zaidi ya vyote hakikuwa sifa wala fedha za ziada. Kilikuwa kupiga hatua, hata ndogo, katika kazi ambayo mtu anaiona ina maana. Fundi wa bati anapata jambo hilo bure: jioni anaweza kuhesabu maganda sita yaliyopangwa mlangoni. Mwalimu, karani au mhasibu hana rundo la kuhesabu, na katika mwezi wa mawingu hurudi nyumbani akidhani hakufanya lolote. Daftari dogo la kuandika yaliyokamilika kila jioni humpa rundo lake.

Joto lenye sumu

Hapa ndipo baridi huua. Kila kipupwe magazeti ya Kenya huripoti watu waliolala na jiko la makaa chumbani na hawakuamka, na walio katika hatari si wa nyumbani pekee: walinzi wa usiku, wauzaji waliojifungia vibandani na mafundi wanaofunga turubai pande zote ili kuzuia upepo nao wamo.

Makaa yaliyoshika vizuri hayatoi moshi mwingi, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake za mwanzo ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na mtu aliyechoka na baridi huzichukulia kuwa uchovu wa kawaida. Jiko bora halipunguzi hatari hii kiasi cha kumruhusu mtu alale nalo. Kuokoa makaa si kuondoa gesi.

Katika karakana, turubai lifungwe upande mmoja unaoelekeana na upepo, na pande nyingine ziachwe wazi. Jiko liwe nje au mlangoni. Mwenzako akilalamikia kichwa karibu na moto, mtoe nje kwenye hewa kwanza, kisha muulize. Akizirai, apelekwe hospitalini hata kama ataamka na kusema yu mzima.

Njia salama za kupata joto zinajulikana na zote ni za bei nafuu: nguo mbili nyepesi badala ya moja nzito, kofia, kipande cha gunia au mbao chini ya miguu ili isikanyage saruji, glavu zilizokatwa ncha za vidole, na uji moto kabla ya saa tatu. Zana zikilazwa nyumbani badala ya kibandani, huwa hazina baridi kali asubuhi.

Wenye ofisi nao wana la kujifunza. Mwaka 2004 Alan Hedge wa Chuo Kikuu cha Cornell alifanya utafiti mdogo katika ofisi ya bima huko Florida. Joto la chumba lilipopandishwa kutoka nyuzi 20 hadi 25, makosa ya kuchapa yalipungua kwa asilimia 44 na kazi iliyofanyika ikaongezeka kwa asilimia 150. Idadi ya waliopimwa ilikuwa ndogo, na si busara kuishikilia nambari hiyo kama msahafu. Lakini mwajiri wa Nairobi anayewakemea wachapaji wake Julai kwa uzembe, huku madirisha ya ofisi yake hayafungiki, angefaa kwanza kumwita seremala.

Mawingu ya kusi huanza kulegea kuelekea mwisho wa Agosti, na Septemba jua hurudi kabla ya mvua za vuli za Oktoba hadi Disemba. Kipindi hicho cha wiki chache ndicho kikavu na chenye mwanga wa kutosha kwa rangi. Fundi anayetaka masanduku ya kuuza Januari huyakata na kuyafua katika baridi ya Julai na Agosti, akayapanga ukutani yakiwa bati tupu, na kuyapaka yote mara moja Septemba.